Mizani Iwe ya Nani?

Jengo la Nairobi linaweza kupata cheti cha kijani bila mfuko hata mmoja wa taka zake kuwahi kuwekwa kwenye mizani. Mpango wa EDGE, ulioanzishwa na Shirika la Fedha la Kimataifa na ambao mabweni kadhaa ya wanafunzi humu mjini yameupitia, huuliza mambo matatu: umeme, maji, na kaboni iliyomo ndani ya saruji, chuma na vifaa vingine vya ujenzi. Ukipunguza kwa asilimia 20 katika kila jambo, umepita. Mpango wa LEED wa Marekani, unaotafutwa zaidi na wenye ofisi kubwa, huuliza pia habari za taka, tena kwa kirefu. Hata hivyo, kinachomfikia mkaguzi ni karatasi tu: hati ya mwenye lori, risiti, hesabu ya msimamizi.

Mimi nashikilia kwamba asilimia ya taka zinazodaiwa kurejelezwa isihesabiwe katika cheti chochote hapa nchini mpaka kilo zenyewe zipimwe mara mbili: langoni zinapotoka, na kwa yule anayezinunua. Wapo wanaosema hilo litawasumbua watu bure. Nimewaita watatu, nikawaweka kwenye benchi moja nje ya yadi ya vyuma kuukuu hapa Satellite, kando ya Naivasha Road, kati ya Kawangware na Riruta. Sikuwapa majina. Ni watu wa kazi tatu, na mkazi wa huku atawatambua kwa maneno yao. Mshauri ni mhandisi kijana anayewaandalia wateja wa Westlands faili za vyeti. Msimamizi ni mzee anayetunza jengo la nyumba za kupanga. Wa tatu ni mama mwenye yadi.

Mshauri: Tuanze na lililo jema. Zamani ukimwuliza mwenye mjengo vifusi vyake vimekwenda wapi, alikuonyesha vumbi la lori. Leo akitaka LEED ya toleo la nne (v4), lazima awe na mpango wa taka kabla ya kuvunja ukuta, na mwishoni atoe ripoti ya kiasi kilichotoka, kilichotupwa na kilichookolewa. Akiokoa asilimia 50 katika mafungu matatu ya vitu, anapata alama moja. Akifika 75 katika mafungu manne, anapata mbili. Na udongo wa kuchimba msingi hauhesabiwi, kwa hiyo hawezi kujipa sifa kwa malori ya udongo mwekundu. Mkinyang'anya asilimia hiyo, mimi sina cha kumwambia mwenye pesa.

Mimi: Asilimia ya uzito au ya ujazo?

Mshauri: Yoyote, mradi achague moja na asichanganye.

Hapo ndipo ninapotaka tukae kidogo, maana ruhusa hiyo inaweza kubadilisha sura ya jengo zima kwenye karatasi. Tuseme nyumba ya zamani imevunjwa ili ijengwe ghorofa. Zimetoka tani 90 za mawe na zege, tani 4 za chuma, tani 3 za mbao, na tani 3 za vitu vyepesi: katoni, nailoni za kufungia vigae, jipsamu ya dari, mikebe ya rangi, mabomba ya plastiki. Jumla ni tani 100. Mawe na zege yakienda kujaza barabara, chuma kikauzwa na mbao zikatumika tena, kwa uzito umeokoa asilimia 97.

Sasa pima kwa ujazo. Vifusi vilivyomwagwa ovyo tuvikadirie tani 1.2 kwa kila mita ya ujazo, hivyo tani 90 zinachukua mita 75. Chuma kilichopindapinda kichukue mita 8, mbao mita 12. Vile vyepesi, tani 3 tu, vinajaza mita 30, maana mita moja ya takataka hizo haizidi kilo 100. Jumla ni mita 125, na zilizookolewa ni 95. Asilimia 97 imeshuka hadi 76, na hakuna aliyegusa kitu. Mwenye jengo mwenye akili atachagua uzito, na sheria za cheti hazimkatazi.

Tena katika mji huu tani zile 90 zingeokolewa hata kama cheti kisingekuwapo. Mawe ya kujengea ya Ndarugu yaliyotoka mazima hayakai barabarani usiku mmoja. Vifusi vina wateja wake, watu wenye ploti za mabondeni na vichochoro vyenye matope. Chuma kinaondoka siku hiyohiyo. Mbao za kushikilia zege huzunguka kutoka mjengo hadi mjengo mpaka zinapasuka, kisha zinaishia chini ya sufuria ya mama wa chakula. Cheti kinatoa alama kwa jambo ambalo soko lilikuwa limekwisha kulifanya, na kinanyamazia zile tani 3 ambazo hakuna anayezitaka.

Mwenye yadi: Mikebe ya rangi mimi huinunua ikiwa mikavu. Ikiwa na rangi ndani, hapana. Hiyo dari nyeupe hata uniletee bure, siitaki. Inaloa, inavunjika, haina mnunuzi.

Mimi: Na inaenda wapi?

Mwenye yadi: Kama haikutupwa mtoni, inaenda Dandora.

Dandora iko upande wa pili wa jiji. Jaa lile lilifunguliwa mwaka 1975, likatangazwa kuwa limejaa mwaka 2001, na malori bado yanaingia. Mwaka 2007 Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira, lenye makao yake Gigiri, lilitoa uchunguzi uliopima watoto 328 wa umri wa miaka 2 hadi 18 waishio karibu na jaa. Nusu yao walikuwa na madini ya risasi kwenye damu kwa kiwango kilichohesabiwa kuwa hatari. Risasi haikutoka kwenye mawe ya Ndarugu. Hutoka kwenye betri, rangi kuukuu, nyaya, vifaa vya umeme, vitu vinavyoonekana vidogo kwenye hesabu ya tani. Ukipima jengo kwa uzito peke yake, unampa mwenye jengo sifa kwa jiwe na unamsamehe sumu.

Mshauri: Sikatai, ila usiseme LEED haikuliona. Kuna njia ya pili ya kupata alama zilezile. Mwenye jengo anaweza kuachana na asilimia kabisa, akaonyesha kwamba mjengo wake haukutoa zaidi ya kilo 12.2 za taka kwa kila mita ya mraba ya sakafu. Hapo anasukumwa apunguze tangu mwanzo: akate vigae kwa hesabu, aagize vyuma kwa urefu unaofaa, asimwage zege la ziada.

Mimi: Hiyo naipenda zaidi. Jengo la mita za mraba 2,000 lisizidi tani 24 na kitu. Ni nambari ambayo hata fundi anaielewa, na anayetaka kuidanganya atalazimika kuficha malori.

Mshauri: Ndiyo, lakini wanaoweza kuifuata ni wanaojenga kwenye kiwanja kitupu. Ukivunja kabla ya kujenga, umeshashindwa. Nairobi ya magharibi yote inavunja kabla ya kujenga. Tazama Kilimani, tazama Lavington, na sasa huku kwenu.

Alisema kweli. Mtaa huu unabadilika kila mwaka. Safu za vyumba vya mabati zinaondoka, ghorofa zinaingia. Lakini wenye ghorofa za Satellite hawaombi LEED. Wapangaji hawaiulizi, na gharama ya faili peke yake ingemtisha mwenye ploti. Vyeti viko Westlands na Upper Hill, ilhali mikono inayoyaokoa mabaki ya majengo yale hulala Kawangware na Satellite. Hilo ndilo lililonifanya nimpeleke Mshauri kwenye benchi hili.

Msimamizi: Mimi mambo ya ujenzi siyajui. Ninalolijua ni jengo likishajaa watu. Hapo taka haziishi, na hakuna fomu iliyowahi kuniuliza. Umeme una mita. Maji yana mita. Taka zina mimi na kalamu.

Mimi: Unahesabu nini, Mzee?

Msimamizi: Mifuko. Mwenye gari la taka huacha mifuko kila wiki, nasi tunairudisha imejaa. Mifuko mingapi, basi. Akija mtu wa ofisi anataka kilo, tunapiga kwa makadirio, kila mfuko kilo kadhaa.

Neno lake kuhusu mita lilinikaa. Ofisi mpya za Umoja wa Mataifa pale Gigiri zilizinduliwa mwaka 2011 zikiwa zimesanifiwa zizalishe umeme mwingi kama zinavyotumia, na dai hilo lingeweza kukaguliwa kwa kuwa umeme hupita kwenye waya mmoja wenye kipimo. Taka hazina waya. Zinatoka kwa ngazi, kwa dirisha, kwa mtoto aliyetumwa, kwa kijana anayepita alfajiri akichagua chupa kabla gari halijafika.

Na mfuko wa taka ni kipimo kibovu kuliko watu wanavyodhani. Zaidi ya nusu ya taka za nyumbani Nairobi ni mabaki ya chakula na mimea: maganda ya viazi na ndizi, mashina ya sukuma wiki, magunzi ya mahindi. Mfuko wa maganda mabichi mwezi wa Aprili, mvua ikinyesha na mfuniko wa pipa ukiwa umevunjika, unamshinda mtu mmoja kuubeba. Mfuko uleule ukijaa chupa za plastiki, mtoto wa darasa la kwanza anauinua kwa mkono mmoja. Ukizidisha idadi ya mifuko kwa kilo moja ya kubuni, unapata nambari iliyonyooka isiyo na uhusiano wowote na kilichotoka jengoni.

Mwenye yadi: Hata katoni ni hivyo. Mtu analeta zimelowa, mizani inasoma nyingi. Mimi nikinunua maji, nitamwuzia nani maji? Nazitenga, ninampunguzia, tunagombana kidogo, tunaelewana.

Mshauri: Unaona, Mama, hilo ndilo linalonipa wasiwasi. Mizani yako inapima ili ununue kwa faida. Ikisoma chini, wewe unafaidi. Nitaiwekaje kwenye ripoti ya mteja?

Mwenye yadi: Na karatasi ya yule mwenye lori wako, anayelipwa kwa kila safari, hiyo unaiweka bila wasiwasi? Mwanangu, anayeniuzia anajua kilo zake kabla hajafika hapa. Nikimwibia leo, kesho anapita mlango wangu anaenda yadi ya pili, ipo hapo mbele. Na watu wa vipimo wakija wakute mizani yangu haina muhuri, ni kesi.

Nilimuunga mkono, na bado namuunga. Sheria ya Vipimo na Mizani, Sura ya 513, inataka mizani yoyote ya biashara ikaguliwe na kupigwa muhuri. Kwa hiyo ndani ya Satellite kuna vyombo ambavyo sheria inavitambua, vinavyosimama kati ya watu wawili wenye masilahi yanayopingana, kila mmoja akiukodolea macho mshale. Ofisini kwa Mshauri, mwenye lori na mwenye jengo wote wawili wanataka nambari ya urejelezaji iwe kubwa. Hakuna anayeumia ikizidishwa. Kwenye yadi, kilo moja ya shaba ikizidishwa, mtu anapoteza pesa papo hapo.

Mshauri: Basi tukubali mizani ya Mama. Je, risiti? Mkaguzi aliye ng'ambo hataki kusikia habari za muhuri wa Satellite. Anataka hati.

Mwenye yadi: Ninalipa kwa M-Pesa. Ujumbe unabaki.

Mimi: Ujumbe unaonyesha shilingi, hauonyeshi kilo. Bei ya chuma ikibadilika mwezi huu, shilingi zilezile zitasema kilo nyingine. Lazima kilo iandikwe.

Mwenye yadi: Kuandika ndiko tunakokuogopa. Unakumbuka mwaka wa 2022? Januari biashara ya chuma chakavu ikafungwa nchi nzima kwa sababu ya nguzo za stima zilizoharibiwa. Sisi wa masufuria na mabati tukafungwa pamoja na walioiba nyaya, mpaka Mei. Mtu mwenye daftari ndiye wa kwanza kuulizwa.

Sina la kumjibu kwa hilo kwa wepesi. Serikali iliyotaka kulinda nguzo za umeme ilikuwa na sababu, na Sheria ya Chuma Chakavu ya mwaka 2015 ilikuwa tayari inataka leseni. Lakini agizo lile liliwafundisha watu wa yadi kwamba kuonekana ni hatari, na sasa tunataka wao ndio waonekane ili majengo ya watu wengine yapate alama. Anayetaka daftari la yule mama amwendee kwanza na kitu mkononi.

Msimamizi: Mimi naona mnasahau sheria mpya. Tuliambiwa tutenganishe, mapipa mawili. Tukatenganisha. Gari likaja, likachanganya.

Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya mwaka 2022 inataka taka zitenganishwe zinapozalishwa, na inazitaka kaunti ziwe na vituo vya kuchambulia. Kanuni za usimamizi wa taka za mwaka 2006 nazo zilikwisha kuagiza msafirishaji wa taka awe na leseni ya mamlaka ya mazingira, NEMA, na hati ya kufuatilia mzigo. Kwenye karatasi, mnyororo umekamilika. Malalamiko ya Mzee ninayasikia katika jengo baada ya jengo, na ndiyo sababu pipa la rangi mbili lisikubaliwe kuwa ushahidi. Kwa jengo jipya, sharti la LEED ni mahali pa kuwekea karatasi, katoni, kioo, plastiki na chuma. Chumba hicho kinaweza kuwepo, kikapigwa picha, kikapata sifa, na vyote vilivyotenganishwa humo vikakutana tena ndani ya lori.

Mshauri: Jengo likishaanza kutumika lipo daraja lingine la LEED linalotaka uzito halisi wa taka zote na wa zile zilizookolewa. Wachache huliomba.

Mimi: Na hao wachache kilo zao huzipata wapi?

Mshauri: Kwa mwenye gari.

Mimi: Naye?

Mshauri: Anakadiria.

Korea Kusini walikutana na tatizo hilihili kwenye majengo ya ghorofa. Mwaka 2005 walikataza mabaki ya chakula kupelekwa jaani, na mwaka 2013 wakaanza kuwatoza watu kulingana na wanachotupa. Katika majengo mengi mpangaji hugusisha kadi, pipa linafunguka, linapima, bili inakwenda nyumba husika. Sipendekezi mapipa ya kadi Satellite, ambako stima ikipotea lango lenyewe halifunguki. Ninachokitoa huko ni kwamba hawakupima jengo kwa ujumla kisha wakatafuta asilimia. Walipima pale mtu anapoachia mzigo, na kilo hiyo ikawa na mwenyewe.

Kuna jambo jingine Mshauri alilileta mwenyewe, na kwangu lilikuwa zito kuliko yote. Chini ya kanuni za mwaka 2024 za wajibu wa mzalishaji, kampuni zinazoingiza bidhaa na vifungashio sokoni zinapaswa kugharamia ukusanyaji wake baada ya kutumika, kwa hiyo nazo zinatafuta kilo za kuonyesha. Chukua kilo moja ya chupa za maji kutoka ofisi ya Upper Hill. Jengo linaiandika kuwa limeirejeleza. Mwenye gari anaiandika kwenye ripoti yake. Mzalishaji wa chupa anaiandika kutimiza wajibu wake. Kilo imekuwa tatu, na kijana aliyeiokota kwenye pipa na kuibeba kwa mkokoteni hadi yadi hayumo katika hata hesabu moja.

Msimamizi: Huyo kijana kwangu huja saa kumi na moja. Nilikuwa nikimfukuza. Siku hizi namwachia afungue mapipa, akimaliza anafagia.

Mimi: Na chupa alizochukua, unaziandika?

Msimamizi: Gari huja saa mbili. Nahesabu mifuko iliyobaki.

Maana yake jengo la Mzee linarejeleza zaidi ya linavyojua, na linazalisha zaidi ya linavyoandika. Nambari zote mbili ni pungufu kwa sababu mtu mmoja alifanya kazi kabla ya mhasibu kuamka. Ukimfunga nje ili hesabu inyooke, kama majengo mengi yanayotafuta vyeti yanavyofanya kwa jina la usalama, asilimia itasomeka vizuri zaidi na yeye atakosa chakula cha siku.

Mshauri: Sawa. Niambieni cha kufanya, si cha kulaumu.

Mimi: Mizani ya ndoano langoni, ya kuning'iniza gunia. Kila kinachotoka kipimwe, pamoja na cha yule kijana, kabla hakijapita geti. Jumla iandikwe kwanza, asilimia baadaye. Upande wa pili, yadi itoe karatasi ya kilo ilizonunua baada ya kuondoa maji na uchafu. Kilo ya cheti iwe ile ya yadi. Tofauti ya hizo mbili ndiyo taka iliyojificha, nayo iandikwe hivyohivyo. Na zile ambazo hazina mnunuzi, jipsamu, rangi, betri, ziwe na ukurasa wao, hata zikiwa kilo 5.

Mshauri: Na gharama?

Msimamizi: Mwenye jengo. Analipia faili la cheti, hawezi kushindwa na mizani.

Mwenye yadi: Mimi karatasi yangu si ya bure. Nitaandika kilo, nitapiga muhuri wa yadi, na kila kilo nitakayoiandikia jengo lenu mtaniongezea kitu kidogo juu yake. Na si mimi peke yangu. Aliyeleta naye aandikwe, naye aongezewe.

Mshauri: Fomu ya LEED haina safu ya jina la aliyeleta, Mama.

Mimi: Ya hapa nyumbani inaweza kuwa nayo. Chama cha Wasanifu Majengo cha Kenya kimekwisha kutunga kipimo cha nchi yetu, Safari Green Building Index. Ipelekeni safu hiyo huko, na ya kilo za yadi iwekwe kando yake.

Mwenye yadi: Iwekeni kwanza ndipo mje na daftari.